Usimwamshe Mtoto

Tangu jana usiku Itto hakusikia teke hata moja.

Mimba yake ilikuwa imeingia mwezi wa tisa, na mtoto mwenyewe hakuwa mpole. Baada ya chakula hushikwa na kwikwi, tumbo zima likatikisika. Itto akinywa chai ya nanaa yenye sukari tele, mtoto hujigeuza. Na mama mkwe, Lalla Yamna, akianza kutwanga viungo kwenye kinu cha shaba, mtoto hushtuka kwa mlio wa kwanza na kupiga teke la mbavuni. Wanawake wa kijijini walikuja makusudi kutazama, wakicheka: "Huyu kamfuata bibi yake, hapendi kelele isiyokuwa yake."

Leo Itto alikunywa chai glasi baada ya glasi. Akalala kwa ubavu wa kushoto. Akajibonyeza tumbo kwa vidole. Kimya.

"Mama, mtoto hachezi."

"Amelala." Lalla Yamna hakuinua hata uso kutoka kwenye unga aliokuwa akiukanda.

"Muda wote huu?"

"Baba yake si yuko Ufaransa? Anamngoja arudi ndipo aamke. Mbona Assou alilala?"

Hapo ndipo palipokuwa na balaa. Milimani kule watu wanaamini kabisa kwamba mtoto anaweza kusinzia tumboni, mwaka au hata miaka, kisha akaamka na kuzaliwa kama wengine. Mume wa Lalla Yamna alikwenda kuchimba makaa ya mawe Ufaransa, akafia huko huko. Assou, ambaye sasa ndiye mume wa Itto na naye yuko Ufaransa kikazi, alizaliwa miaka miwili baada ya baba kuondoka. Watu wakasema alilala, na maneno yakaishia hapo. Mpaka leo wanamwita Assou Mlalaji, naye hulichekea jina hilo. Sasa Itto aseme nini? Kusema watoto hawalali ni kumwita mama mkwe mzinzi na Assou mwanaharamu, tena ndani ya nyumba yao.

Basi akanyamaza, na kunyamaza kwenyewe kulikuwa kunaua mtu. Adhuhuri, teksi ya Moha iendayo mjini ilipopiga honi barabarani, uvumilivu ukamwisha. Akavaa joho lake akatoka. Mlangoni akakutana na jirani yao Rqia, mwanamke ambaye hakuna mlango asiouchungulia, na wenzake wawili nyuma yake.

"Unakwenda wapi na tumbo hilo?"

"Hospitali. Mtoto hachezi."

"Kalala huyo! Wale wa mjini watamwamsha kwa visu, atoke hajaiva. Lalla Yamna, hebu mwambie huyu mkweo. Mpe habari za Assou."

Itto akashika mwimo wa mlango, akaanza kulia. "Mama, naogopa. Mwanangu anakufa na mimi nimesimama tu."

Lalla Yamna alifuta unga mikononi. Akachukua kinu cha shaba, akakisogeza karibu na tumbo la Itto, akapiga mchi mpaka masikio yakauma. Akaweka kiganja tumboni. Akapiga tena kwa nguvu zaidi, akaweka kiganja, akangoja. Mtoto hakushtuka, na Itto alimwona mama mkwe uso unamsawijika.

"Assou hakulala," alisema.

Rqia akacheka kidogo. "Unasemaje, dada yangu?"

"Assou alicheza tumboni mwangu mpaka siku niliyomzaa. Miezi tisa, kama mtoto mwingine yeyote, na baba yake alikuwa ameshaondoka zamani. Umesikia vizuri? Basi kawaambie na walioko shambani. Sasa toka mlangoni."

Rqia akatoka mlangoni.

Kwenye teksi Lalla Yamna alimshika Itto tumbo kwa mikono miwili. Kila kona ya mlima Itto alijiuliza kama anabeba mtoto au maiti. Alitaka kumwambia mama mkwe asante, akaona neno lenyewe dogo mno.

Hospitalini, mkunga alipitisha kifaa tumboni. Mapigo ya moyo yakasikika, dhaifu, ya kusitasita.

"Yu hai, lakini amechoka sana," alisema mkunga. "Mngengoja mpaka jioni tungekuwa tunaongea mengine. Chumba cha upasuaji, haraka!"

Mtoto alitolewa akiwa wa bluu, halii. Nyuma ya pazia Itto aliwasikia wakimsugua, wakaendelea kumsugua, naye akamwomba Mungu kwa maneno yasiyo na mpangilio. Kisha ikaja kwikwi moja ndogo, na baada yake kilio.

Jioni, wodini, Lalla Yamna alikuwa amempakata mjukuu wake simu ilipoita. Ilikuwa ya Assou. Bibi aliitazama ikiita, na Itto hakuwahi kumwona na hofu kama ile. Mwishowe akapokea.

"Mama, Rqia amenipigia. Ni kweli?"

"Ni kweli, mwanangu. Utanitukana kesho. Leo una binti. Sikiliza, yuko macho."

Akaiweka simu karibu na mtoto aliyekuwa akilia. Itto akanyoosha mkono, akaushika wa mama mkwe, ambao bado ulikuwa na unga kwenye kucha.

"Usimnyamazishe, Mama," Assou alisema, naye analia. "Mwache alie."