Mtulinga wa Kulia

Kipanga hakuogopa urefu. Alichokiogopa ni watu waliobaki chini.

Jina hilo alipewa na vibarua, kwa kuwa yeye ndiye aliyekaa juu kuliko wote pale kwenye ujenzi, ndani ya kijumba cha vioo cha kreni, akinyanyua nondo na zege huku wenzake wakionekana kama siafu. Kiti kile alikipata kwa jasho, na waliokitamani aliwajua. Kwa hiyo siku muuguzi wa kampuni alipombandika nyaya kifuani, mashine ikatoa karatasi yenye milima iliyopinduka, na daktari akasema, "Moyo huu una hitilafu, hupandi tena mpaka upigwe picha hospitali," Kipanga hakuuliza moyo una nini. Alijiuliza: nani?

Na jibu lilikuwa limekaa ubavuni pake sasa hivi, kwenye benchi la hospitali, likitafuna njiti ya meno.

Lilikuwa shemeji yake, mume wa mdogo wake, nyapara wa ujenzi ule. Alijitolea mwenyewe kumsindikiza. Tangu lini? Mwaka jana Kipanga alilala na homa wiki nzima, na mtu huyu hakumletea hata pole ya mdomo. Tena alikuwa na mpwa wake, kijana mwenye leseni ya kreni inayonuka wino, ambaye kila kukicha alinyoosha shingo kukitazama kile kijumba kama paka aliyeona samaki juu ya kabati.

"Shemeji, mbona umenuna? Picha haiumi," alisema nyapara.

"Picha haiumi. Anayeipiga ndiye simjui."

"Lo! Wewe hata kivuli chako utakidai kitambulisho."

"Kivuli changu nakiamini. Hakijawahi kunitangulia ofisini kwa watu kwenda kunong'ona."

Njiti ikasimama mdomoni mwa nyapara. Maana Kipanga alikuwa amemwona. Walipofika tu, alimwacha kwenye foleni akaenda mlangoni kwa fundi wa picha, akainamisha kichwa, akasema maneno. Fundi naye akajibu neno ambalo Kipanga hakulisikia. Kikulacho ki nguoni mwako, na hiki kilikuwa kimevaa hadi kofia ya kampuni.

Lakini Kipanga hakuja mikono mitupu. Kwapani alibana bahasha kubwa, na ndani mlikuwa na filamu ya eksirei aliyopigwa kwenye zahanati siku alipoajiriwa. Mle moyo wake ulikaa kushoto, safi, hauna doa. Wakimletea uongo, angewabandika ukweli usoni.

Akaitwa.

Chumba kilikuwa na giza la kusudi, kitanda chembamba na mashine iliyovuma kama jokofu kuukuu. Fundi wa picha alikuwa mama wa makamo, mkono mmoja wa miwani yake umefungwa plasta. Alimlaza Kipanga kwa ubavu, akampaka jeli ya baridi, akakandamiza kifaa chake upande wa kushoto wa kifua. Akatafuta. Akapandisha, akashusha.

"Hm."

"Hm nini?"

"Subiri kidogo, dada. Moyo siuoni."

"Mume wangu aliniambia hivyo siku niliyomfukuza. Tena yeye hakuhitaji mashine."

Fundi akacheka, lakini paji la uso halikucheka. Kipanga akajiinua kwa kiwiko.

"Mama, yule mwenye kofia alikwambia nini pale mlangoni? Usinifiche."

"Alisema una hasira za karibu. Habari ikiwa mbaya, nimwambie yeye kwanza. Nikamjibu, habari ya mgonjwa ni ya mgonjwa."

"Yeye kwanza! Ili akafanye nini nayo?" Kipanga akaivuta bahasha. "Haya, tazama hii. Huu hapa moyo wangu. Kama leo haupo, niambie umeibwa na nani."

Fundi aliipachika filamu kwenye kisanduku cha taa. Aliitazama kwa muda. Kisha akarudi, akahamisha kifaa hadi upande wa kulia wa kifua.

Kioo kikajaa uhai. Moyo ulikuwa pale, unadunda, milango yake ikifunguka na kufungika bila haraka, kama mwenye nyumba asiyejua kwamba anatafutwa.

"Huu hapa," alisema fundi. "Upo kulia."

Kipanga akatazama kioo, kisha filamu. Mashine inasema kulia, filamu inasema kushoto. Mtu mmoja hana mioyo miwili. Basi filamu si yake. Na siku ile ya zahanati, aliyetumwa kuichukua bahasha alikuwa nani? Shemeji! Kumbe mchezo ni wa zamani. Kumbe alibadilisha picha tangu mwanzo, akakaa nayo kimya kama nyoka kwenye kuni, akingoja siku ya mpwa wake.

"Namnyonga," alisema, miguu tayari iko sakafuni.

"Kabla hujanyonga mtu, nijibu. Uliwahi kuvunjika mfupa?"

"Mtulinga. Nikiwa mtoto. Nilipanda paa kufuata njiwa."

"Upande gani?"

Mkono wa Kipanga ulikwenda wenyewe begani, kwenye nundu iliyomsumbua ujana wake wote. "Huu wa kulia. Hata kamba ya sidiria hailali."

Fundi akaonyesha kwenye filamu. Nundu ilikuwepo, ileile, imeunga kombo vilevile. Ila ilikuwa mtulinga wa kushoto.

Akaichomoa filamu, akaigeuza nyuma mbele, akairudisha kwenye taa. Moyo ukahamia kulia. Nundu ikarudi nyumbani.

"Picha ni yako, dada. Iligeuzwa tu. Ona, alama ya upande imeandikwa kwa kalamu. Aliyeipiga aliona moyo uko kulia, akadhani ameishika filamu kinyume, akaigeuza na kuandika upande kwa kuufuata moyo. Ndio ugonjwa wetu watu wa picha, tunauamini moyo kuliko mgonjwa."

"Na ile karatasi ya kampuni?"

"Nyaya zilibandikwa kushoto. Walibisha hodi uani."

Akapima tena, polepole. Hata ini lilikuwa limekaa kushoto. Kipanga alizaliwa hivyo, kila kitu ndani kimegeuka kama kwenye kioo cha kujitazamia. Kuta za moyo zilikuwa imara, milango inafunga vizuri. Nyaya ziliporudiwa upande wa kulia, milima ikasimama wima. Daktari wa moyo, chumba cha pili, akakagua vyote na kuandika: anafaa kupanda. Akamwonya tu kwamba kila daktari atakayemshika ajulishwe mapema.

Alipotoka, nyapara alisimama ghafla hadi njiti ikaanguka.

"Vipi, shemeji?"

"Moyo upo. Mzima."

"Afadhali! Umenitoa roho."

Kipanga aliikagua ile furaha kama anavyokagua waya wa kreni, akitafuta uzi uliokatika.

"Nilidhani umebadilisha picha yangu. Kwa hilo nimekuonea. Niwie radhi."

"Picha? Mimi? Hata picha za harusi yangu sijui ziliko!"

"Sawa. Nipe ufunguo wa kreni."

Mkono wa nyapara uliingia mfukoni, ukatoka mtupu, ukaingia wa pili.

"Nilimwachia mpwa asubuhi. Kazi haiwezi kusimama, shemeji. Zege linaganda."

"Asubuhi. Kabla sijapigwa picha."

Nyapara akatazama viatu vyake. Ni kweli, zege huganda. Kipanga alilijua hilo kuliko yeyote. Akaitia karatasi ya daktari kwenye bahasha, pamoja na filamu, akaibana kwapani.

"Twende tukamshushe. Tangulia."

"Si twende sambamba?"

"Tangulia, shemeji. Nimezoea kuwatazama watu nikiwa juu yao. Leo wewe nitakutazama nikiwa nyuma."