Nakhungu Kwenye Kitambaa Cheupe

Wabwile alikuwa karani wa ghala katika shamba la mzungu mmoja nje kidogo ya Kitale. Siku sita za wiki alipima magunia ya mahindi. Jumapili, watu wakishatoka kanisani, aliandika. Alianza mwaka wa 1939 na daftari moja la shule, na kufikia 1949 madaftari yalikuwa kumi na manane. Humo ulikuwemo ukoo mzima: nyanya yake Nakhungu, baba yake Mukhisa, na yeye mwenyewe.

Habari nyingi alizipata kwa baba yake. Kila mwisho wa mwezi alipanda baiskeli mpaka Bokoli, na mzee Mukhisa akamsimulia jinsi mama yake, mjane kijana, alivyowaficha mitamba saba kwenye mapango ya mlima Elgon wakati wa vita vya Wabukusu na wazungu. Aliwakatia majani na kuyabeba kichwani miezi miwili, mtoto mgongoni. Wale mitamba ndio waliozaa mahari ya ukoo wote. Na miaka ya ishirini, wazungu walipogawiwa mashamba ya Kitale, Nakhungu alikataa kutoka nyumbani kwake mpaka paa likaezuliwa yeye akiwa ndani, ndipo ukoo ukahamia Bokoli.

"Andika majina yetu jinsi yalivyo," mzee alimwambia. "Usitufiche. Mama yangu hakuchukua kitu cha mtu."

Msomaji wake wa kwanza alikuwa Waithaka, seremala wa Kibomet aliyetoka Nyeri. Alipomaliza daftari la mwisho akasema, "Wewe, hii si ya Wabukusu peke yenu. Hata mama yangu yuko humu ndani." Nyumba ya Wabwile ilikuwa inavuja, basi Waithaka akayahifadhi yale madaftari kwenye sanduku lake la vyombo. Nakala safi ilipelekwa Nairobi kwa watu wa vitabu.

Kukawa kimya. Mwaka wa 1951 akaja mzungu mmoja mwenye kamera, Kiswahili chake kizuri kuliko cha Wabwile. Alikuwa ameisoma nakala hiyo huko Nairobi, na alitaka kuitengeneza filamu.

"Kitabu kitafuata," alisema. "Watu wakishaona picha, watataka kusoma."

Karatasi ya mapatano ilikuwa ya Kiingereza, kurasa tatu. Wabwile aliitia sahihi juu ya mizani ya mahindi, akamshika yule mzungu mkono kwa mikono yake yote miwili.

Filamu ilionyeshwa Agosti iliyofuata, Jumamosi mchana, ndani ya ghala lenyewe, madirisha yamezibwa kwa magunia. Wabwile alimleta baba yake kutoka Bokoli. Mzee alivaa koti, akaketi mbele pamoja na Edah, mke wa Wabwile, na binti yao Lenah. Sauti ikatangaza: hii ni habari ya Nakhungu wa Bokoli. Lenah akambana baba yake mkono kwa furaha.

Kwenye kitambaa cheupe kilichotundikwa ukutani akatokea kikongwe aliyejipaka majivu usoni, anakoroga mizizi kwenye chungu. Alikwenda pangoni, lakini hapakuwa na mitamba. Alikwenda kupika dawa. Ng'ombe wa jirani wakafa, mtoto akaugua. Mwishowe mjukuu wake, karani mwenye shati safi, akampeleka mtoto hospitali, akawaleta askari wamtoe nyanya yake nyumbani. Paa likaezuliwa. Watu wakapiga makofi.

"Huyo ni nani?" mzee Mukhisa aliuliza.

"Baba, mimi sikuandika hivyo."

"Jina nimelisikia. Nauliza, huyo ni nani?"

Mzee akainuka, akapita katikati ya watu, akatoka.

Mwenye kamera alikuwa nje anavuta sigara. Alimsikiliza Wabwile bila kukasirika.

"Kitabu chako ni kirefu mno. Nani atatazama ng'ombe wakila majani pangoni? Tulitaka funzo."

"Basi ondoeni jina lake."

"Jina liko kwenye karatasi uliyotia sahihi."

Mwaka huo haukuisha kabla filamu haijakatwa, ikabaki fupi, uchawi mtupu. Gari la sinema likaizungusha masokoni kutoka Misikhu hadi Bokoli, na mtu mwenye kipaza sauti akaieleza kwa Kibukusu, akiongeza ya kwake. Mara ya kwanza watu walicheka. Baadaye waliacha kucheka. Wanawake wakaacha kuteka maji wakati mmoja na watu wa nyumba ya Mukhisa.

Lenah alikuwa ameposwa na mwalimu wa Misikhu. Wazee wa huko wakaja, wakakataa hata chai.

"Si sisi tunasema," mmoja alisema. "Ni nyinyi wenyewe mumesema. Si mujukuu ndiye aliandika?"

"Baba Lenah, nenda uwasomee madaftari," Edah alimwambia. "Wasikie vile uliandika."

Wabwile aliandika kuiomba ile nakala safi. Nairobi walijibu kwa mistari miwili: nakala haionekani. Wabwile akashika njia ya Kibomet. Ilikuwa 1953, siku za hali ya hatari, na wiki hiyo Wakikuyu kama Waithaka walikuwa wamepakiwa na serikali kwenye malori na kurudishwa kwao, kila mtu na alichoweza kubeba. Nyumba ya Waithaka haikuwa na mlango. Sanduku lilikuwa kwa jirani, limejaa kuni.

"Makaratasi?" jirani alisema. "Tuliwashia moto. Ilikuwa nzuri, inashika haraka."

Alikwenda Bokoli kumwomba baba yake amsimulie upya.

"Nilikuambia mara moja," mzee alisema. "Ulipeleka wapi?"

Hakumwambia neno lingine mpaka alipokufa, mwaka wa 1955. Waliokuja kumzika hawakuzidi ishirini. Lenah ndiye aliyewapikia. Hakuna mchumba mwingine aliyekuja, na alishaacha kumwuliza baba yake chochote.

Jumapili moja baada ya mazishi Wabwile alinunua daftari jipya. Akaandika "Nakhungu alikuwa", akaishia hapo. Alimjua nyanya yake. Alilala kwake mpaka alipofika miaka kumi na miwili. Akafumba macho amwone, akaja yule kikongwe wa majivu. Akatikisa kichwa, akajaribu tena. Akaja yuleyule, na chungu chake.

Edah alisimama nyuma yake, mikono ina unga.

"Alikuwa mrefu ama mfupi?" aliuliza, akitaka kumsaidia.

Wabwile aliangalia lile neno moja na jina lile moja.

"Sijui," alisema.