Kopo la Mafuta ya Usukani

Dada mtu alipiga simu asubuhi kutoka hospitali. "Mdogo wangu, njoo upesi. Mama anakuulizia wewe tu, na hali yake si nzuri."

Fundi aliacha chai mezani, akamwita mkewe, wakaingia garini. Alipokata kona kutoka uani, usukani ukagoma. Akashuka kutazama. Chini, mafuta mekundu yametapakaa. Kopo la mafuta ya usukani, lile alilolipaka gundi mara chungu nzima huku akihangaika na magari ya watu, lilikuwa limepasuka vibaya.

"Gari si linawaka?" mkewe akauliza. "Twende hivyo hivyo."

"Pampu ya usukani itakufa bila mafuta."

"Na ife! Mama yako je?"

Haya, mwambie fundi aendeshe gari bovu uone. Jamani, watu hawa! Usukani ungekuwa mzito, mabega yangemuuma, basi, angefika. Alilijua hilo vizuri sana. Lakini boneti alikwisha kuifungua. Na tusidanganyane, alikuwa na hofu. Humu ndani ya boneti alijua la kufanya. Kule wodini hakujua lolote.

"Sasa hivi tu," akasema. "Lile gari bovu pale uani lina kopo zima."

Akalichomoa mbio mbio. Klipu ya kubania mpira ikamponyoka, ikadumbukia chini ya injini. Akalala chini kuipapasa, machozi na mafuta usoni, akiilaani klipu, akijilaani mwenyewe. Akaipata. Akafunga kopo, akabana mipira, akamimina mafuta mapya.

"Washa," akamwambia mkewe, "uzungushe usukani, kulia, kushoto, mpaka upepo uishe kwenye mafuta."

Mkewe akahamia kiti cha dereva, akawasha, akazungusha. Simu yake ikalia. Akaipokea kwa mkono mmoja, mwingine ukiendelea kuzungusha. Fundi hakuinua kichwa, macho yote kwenye kopo.

"Mapovu yameisha!" akapiga kelele, akabamiza boneti. "Haya, sogea, twende!"

Mkewe hakusogea.

"Dada anasema usiende mbio," akasema. "Anasema hakuna haraka tena."

Fundi akapitisha mkono dirishani, akaushika usukani. Ukazunguka kwa kidole kimoja, laini, bila shida yoyote. Akauzungusha tena, kulia, kushoto, kulia, huku akimwita mama yake.