Mpaka Uchungu Upite

...basi ng'ombe akasukuma tena, na mkono wa kulia wa Mama Sindano, ulioingia ndani mpaka juu ya kiwiko, ukabanwa kama umefungiwa mlango, naye akaacha kila kitu, akaegemeza shavu kwenye paja la ng'ombe, akatulia, kwa sababu hakuna bingwa wa kushindana na ng'ombe mwenye uchungu, unangoja tu, ndivyo alivyowafundisha madaktari wote wa mifugo waliopita chini yake, uchungu una zamu yake na wewe una yako, ukimwingilia mwenzio kwenye zamu yake utavunjika mkono... "Vipi huko, Mama?" anauliza daktari mpya, yuko nyuma yake ameushika mkia, mwanamke mwenye mapacha nyumbani na subira usoni, ndiye anayekalia kiti chake kuanzia Jumatatu, na leo tangu asubuhi wamekuwa wakizunguka kwa wafugaji, huyu ndiye mwenzangu, huyu ndiye mtakayempigia simu, mpaka walipofika hapa kwa fundi uashi wakakuta ng'ombe wake amehangaika mpaka amechoka, kichwa cha ndama kinachungulia na mguu mmoja, mguu wa pili hauonekani, na yeye Mama Sindano, mdomo ukaitangulia akili, akasema "huyu niachieni mimi," na wote wakampisha, hata kuku wa fundi wakampisha... "Mguu umekunjwa kwenye goti," akasema, lakini sauti ikatoka ndogo, kama mtu anayeongea chumba cha pili, ikabidi arudie, "umekunjwa kwenye goti, ila ndama yuko hai," na hilo ni kweli, amemtia kidole mdomoni na kidole kimenyonywa, ulimi mzito, wa moto, wenye haki yake, na zamani ndama akikunyonya kidole angali tumboni ulikuwa unacheka peke yako kama mwendawazimu, leo amenyonywa na hakuna kilichotikisika, ameandika tu kichwani, yuko hai, basi, kama anavyosema mtu kwamba nje kuna mawingu.

Na harufu haipo, hili nalo, banda zima hili, samadi, maziwa, jasho, maji ya uzazi yaliyomwagika mpaka kwenye buti, na puani mwake hakuna kitu, ni kama anatazama picha ya banda, harufu ndiyo iliyotangulia kuondoka, akasingizia dawa za kuoshea mikono, akasingizia mafua, akasingizia umri, kumbe ilikuwa inaaga, na baada yake mwandiko ukaanza kujikunja, ukawa mdogo kama wa mchwa, na baada ya mwandiko mkono ukaacha kupunga akitembea, na huo hakuuona yeye, aliuona mumewe, kinyozi wa watu, amekaa mlangoni pa kibanda chake anamwona mkewe anakuja, akasema, "Mama, mkono wako wa kulia umeususa mwili?" yeye akajibu, "Mganga hajigangi," naye akadakia hapohapo, "Na kinyozi hajinyoi, sasa humu ndani nani atamsaidia nani?" wakacheka wote wawili, walicheka vizuri siku ile, mteja aliyekuwa kwenye kiti na povu kidevuni naye akacheka bila kujua anacheka nini... na yule daktari wa mishipa ya fahamu, mpole, ana kucha safi, alimtembeza kwenye varanda ya hospitali, nenda, geuka, rudi, fungua vidole, fumba, fungua, fumba, haraka kidogo, naye anafumba huku anawaza, haya ndiyo ninayowafanyia fahali, miaka yote hii nimetembeza ng'ombe wa watu uani nikiangalia wanavyokanyaga, huyu anachechemea, yule anajilinda bega, na mimi mwenyewe nilikuwa nachechemea mbele ya macho yangu, nani angenitembeza... "Ni Pakinsoni, mama," akasema, kwa upole, kama mtu anayemtaja mgeni aliye mlangoni, na yeye akaitikia, "Haya, asante," akachukua mkoba akatoka, akapita sokoni, akanunua nyanya, akachagua moja moja, mbichi akarudisha.

"Bado anasukuma?" fundi anauliza, "Bado," anajibu daktari mpya, na huko kichwani mwa ng'ombe mke wa fundi anamsemesha mnyama, "jikaze mwanangu, jikaze, mimi nilizaa watano, hakuna aliyekuja kwa hiari," na mkono umebanwa, na ajabu ni kwamba humu ndani hautetemeki, humu ndipo mahali pekee pasipotetemeka, mkono huu ukiwa na kazi unakaa kama mtoto mwenye adabu, ukipumzika ndipo unaanza utundu wake, kidole gumba kikisugua cha shahada kama anayepukuchua punje za mahindi zisizokwisha, jana kwenye kikao cha kumuaga aliuficha mfukoni, nao ukawa unapapatika mfukoni kama kifaranga, mkuu wa ofisi akasimama, akasema mama yetu anakwenda kupumzika, ametutumikia, akatoa mzaha kwamba mbwa wote wa mji huu watafanya sherehe maana aliyekuwa akiwachoma ameondoka, watu wakacheka, na yeye alitaka kucheka, aliutuma uso ucheke lakini haukwenda, uso wake siku hizi ni ukuta, na karani akamnong'oneza jirani yake, akidhani hasikiki, "kwani amekasirika?" wakampa blanketi limefungwa kwa karatasi inayong'aa, soda hakuinywa, angeimwaga, akasema tumbo linamsumbua... na wapo wanaosema anapiga chupa, lile la chupa lilimfikia, mfugaji mmoja alimwona anasita mlangoni mwa banda, miguu imeganda kwenye kizingiti kama imepigwa misumari, akasema huko sokoni, Mama Sindano siku hizi asubuhi tu ameshaonja, na yeye akaona afadhali hivyo, afadhali mlevi, mlevi ana siku ataacha.

Asubuhi mumewe amemfunga vifungo, "Tulia, mteja," ndivyo anavyomwambia kila siku, vidole vyake vya kinyozi havijawahi kumkata mtu sikio, vikapanda kifungo kwa kifungo mpaka kwenye ukosi, vikabaki pale, "Umewaambia?" "Nitawaambia." "Leo ndiyo siku ya mwisho." "Wana haja gani ya kujua, mimi naondoka." Akamtazama, akasema, "Unaondoka kazini, mke wangu, huondoki duniani," na yeye akasikia maneno yale na yakapita, kama gari linavyopita barabarani mtu akiwa ndani ya nyumba, akanywa vidonge vyake, akavaa buti... "Analegea," anasema daktari mpya, na kweli, ng'ombe analegea, zamu yake imefika, haraka sasa, akakisukuma kichwa cha ndama kirudi ndani kidogo, kipate nafasi, akashuka na shingo, bega, akalifikia goti, akateremka na mguu, na hii hapa kwato, ndogo, laini bado, ncha yake imeelekea kwenye ukuta wa kizazi, na kazi iliyobaki ni moja tu, kuifunika kwa kiganja kama unavyofunika mshumaa, ili ukiivuta isichane, basi akaviambia vidole vifumbe, na amri ikatoka kichwani, akaihisi inasafiri, bega, kiwiko, ikafika kwenye kifundo, ikakaa chini... fumba... fumba basi... kidole cha kati kikafika nusu ya njia kikarudi, vile vingine havikujishughulisha, na anajua, hakuna anayejua kuliko yeye, kwamba akiivuta kwato hii ikiwa wazi ukuta utachanika kama kitambaa kilicholowa, na jioni mke wa fundi atakuwa anamsemesha ng'ombe asiyesikia, na hata hili halikumtia hofu, alilijua tu, na mara ng'ombe akakaza mgongo, uchungu ukarudi, mkono ukabanwa hapohapo, vidole wazi, ncha ya kwato ikigusa kiganja chake.

"Umeipata?" anauliza daktari mpya, "Mkono umekufa ganzi," akasema, na ulikuwa uongo mzuri, uongo wenye sura ya ukweli, kila daktari wa mifugo anaujua, hapana aibu katika ganzi, atautoa mkono, ataukung'uta, mwenzake ataingia, mambo yatakwisha, watanawa, watapewa chai, Jumatatu itafika... "Tubadilishane?" akasema daktari mpya, lakini fundi akawahi, fundi na ukarimu wake, mikono yake imepasuka kwa saruji, "Hapana, mngojeeni apumzishe mkono, hatuna haraka, huyu ndiye aliyemzalisha mama wa huyu ng'ombe, mimi mkono huo ndio ninaouamini," na mkewe akaitikia kutoka kule mbele, "kweli kabisa, apumzike kwanza," na daktari mpya, mwenye adabu zake, akasema, "Sawa, tumngojee Mama," na Mama Sindano akaona, shavu likiwa kwenye paja la moto la mnyama, kwamba wote watatu watangoja, watangoja kwa heshima, na yeye ataurudisha tena mkono ule ndani kwa sababu wanauamini, na ataivuta kwato, na hapo kitu fulani kikasogea ndani yake, si woga, si huzuni, ni kama mtu aliyelala upande mmoja usiku kucha akageuka... "Si ganzi," akasema. Hawakusikia. Akapaza sauti. "Nasema si ganzi. Nina ugonjwa, Pakinsoni, mwaka wa tatu huu. Vidole havinisikii. Nikiivuta hii kwato nitamuua ng'ombe wenu."

Mkia wa ng'ombe ukapiga mara moja, daktari mpya alikuwa ameuachia, fundi akasema, "Pakin nini?" na mkewe, "Amesema anaumwa, wewe, husikii?" na Mama Sindano akaingoja aibu, aliijengea nafasi, aliitayarishia kiti miaka yote mitatu, haikuja, ulikuja uchovu tu, na chini ya uchovu, jambo dogo la kipuuzi, njaa, alikuwa na njaa, tumbo lilinguruma kwa sauti ubavuni mwa ng'ombe, hakumbuki mara ya mwisho alipotaka kula kitu, alitaka kula sasa hivi, amesimama hivihivi, na nyuma yake akasikia saa ikivuliwa, zipu ya mkoba, plastiki ya glavu ndefu ikipanda mkono wa mtu mwingine, vidole vikiingia kila kimoja mahali pake bila kuhangaika, akavisikiliza vyote vitano, "Kwato umeiacha wapi?" akauliza daktari mpya, sauti yake ya kazi, hakuweka pole ndani yake, pole ataileta baadaye pengine, "Chini, upande wa kushoto, ncha inatazama ukuta wa kizazi," "Imekwaruza?" "Bado. Kwanza kisukume kichwa, usimwonee huruma, kisukume hasa, halafu ushuke na mguu, ukiifikia ifunike na kiganja chote, ndipo..." "Najua, Mama," akasema daktari mpya, taratibu, na ng'ombe alikuwa bado anasukuma, mkono bado umebanwa, hakuna aliyeweza kuingia wala kutoka. "Najua kama unajua," akasema Mama Sindano. "Niache niseme."