Kamwene, Mke wa Marehemu

Sanduku la Hilari lilirudi kutoka migodi ya Johanesbagi bila Hilari. Mwenzake wa kazini, Tarsis, alilivusha Ziwa Nyasa mpaka Lupingu, na hapo afisa wa forodha akalizuia. Mablanketi mapya yote yale, alisema, ni ya biashara, yalipiwe ushuru. Hilari mwenyewe alikuwa amezikwa hukohuko kwa Makaburu, na mkewe, Vestina, hakuwa na kaburi la kulilia. Alikuwa na hilo sanduku tu, na ndani yake koti ambalo mumewe aliondoka amelivaa. Basi alilidai mpaka mbele ya baraza la rufaa la forodha, lilipokuja kukaa bomani Njombe, na akashinda.

Alishinda, ndiyo, lakini ushindi wa serikali nao una vituko vyake. Alipofika Makambako kwenye ghala la forodha ambako sanduku lilikuwa limepelekwa kutoka Lupingu, mtunza ghala, Dionis, aliisoma ile amri, akamtazama, akaisoma tena.

"Mama, hapa wameandika mzigo apewe Kamwene, mke wa marehemu. Cheti chako cha ubatizo kinasema Vestina."

"Kamwene si mtu, baba. Ni salamu."

"Mimi najua ni salamu. Nasalimiwa hivyo kila asubuhi. Lakini karatasi haijui, na mimi nafuata karatasi. Rudi wakairekebishe, na ufanye upesi. Vitu visivyochukuliwa hapa vinapigwa mnada."

Vestina akakumbuka. Siku ya shauri, karani aliyekuja na baraza kutoka Dar es Salaam alimuuliza jina. Naye, kwa kuwa tangu azaliwe hajawahi kuanza kusema na wakubwa bila kuwasalimia, akainama kidogo akasema, "Kamwene." Karani akaandika. Baada ya hapo waliendelea kumwita mama, hakuna aliyemtaja jina tena. Iliuma sana. Mume kafa, na sasa serikali inamwambia kwa muhuri kwamba mke wa marehemu ni mwingine, tena mtu ambaye hayupo duniani.

Baraza liliporudi Njombe, shemeji yake Festo, katekista, alimwandikia ombi la kusahihisha amri. Njiani kwenda bomani akamwonya.

"Shemeji, leo usisalimu. Wakikuuliza jina, sema Vestina, kisha nyamaza. Ukikosea tena, sanduku limekwenda."

"Niingie kwa watu kama mbuzi?"

"Ingia kama mbuzi, utoke na sanduku."

Ndani, afisa wa forodha alikuwa amejiandaa. Hukumu ya mwisho haifunguliwi, alisema, na kama itafunguliwa kwa ajili ya jina, basi ifunguliwe yote, na habari ya mablanketi isikilizwe upya. Tena, nani asiyejua kwamba wanaume wa migodini huoa njiani? Huenda huyo Kamwene yupo, na huyu amekuja kumdhulumu.

Mwenyekiti, Mwingereza mzee aliyesema Kiswahili polepole, akamwambia asimame ataje jina lake.

Alisimama. Festo alimkazia macho. Jina lilikuwa mdomoni kabisa. Lakini mbele yake walikaa wazee wenye mvi, nyuma yake majirani wamejaa kwenye mabenchi, na Hilari alioa mtu aliyelelewa. Hakuona kwa nini aitupe adabu yake ndipo aaminiwe kuwa ni mke wa Hilari. Akainama.

"Kamwene."

Festo akafunika uso. Kalamu ya karani ikakwaruza.

"Kamwene!" yakaitikia mabenchi yote kwa pamoja, wanaume kwa wanawake, hata askari wa mlangoni.

Mwenyekiti aliwatazama, kisha akamgeukia karani. "Umeandika nini?"

"Jina lake, bwana. Kamwene."

"Na hawa wote? Ni jina lao pia?"

Karani akatazama mabenchi, akatazama kalamu yake.

"Kamwene, mama," mwenyekiti akasema, kwa lafudhi iliyopinda. "Sasa, jina lako?"

"Vestina, mke wa Hilari."

Mwenyekiti akaamuru lile neno moja likatwe kwenye amri, jina liandikwe juu yake, naye akatia sahihi pembeni. Afisa wa forodha alipoinuka, aliambiwa aketi. "Tumesahihisha kalamu," mwenyekiti alisema. "Hukumu hatujaigusa."

Makambako siku hiyo upepo ulikuwa mkali. Dionis aliisoma amri kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika: "Vestina, mke wa Hilari!" Vestina akaitika, na machozi yakamtoka hapohapo. Kufuli lilipofunguliwa, aliyaweka kando mablanketi yote yaliyomgombanisha na serikali, akalikuta koti chini kabisa, limekunjwa vizuri. Kifungo kimoja kilikuwa kimeshonwa vibaya, kwa uzi wa rangi nyingine. Alijua ni Hilari aliyekishona, peke yake huko ugenini.

Akalipakata. Mwenye nyumba akirudi kutoka safari husalimiwa kwanza, mengine baadaye.

"Kamwene, Hilari," alisema.

Akangoja aitikiwe.