Ametulia

Matroni alinipa fomu na siku tatu.

"Macho, figo, au watoto njiti," alisema. "Chagua fani moja tukupeleke ukaisomee. Ila kwanza ukakae siku moja kila chumba. Miaka saba nje ya kazi si mchezo, dada."

Zamani mimi na yeye tulikuwa wauguzi wa kawaida, tukipokezana zamu kwenye wodi moja. Leo yeye ana ofisi yenye pazia, mimi nina viatu vipya vinavyonibana. Nyuma ya ukuta wake mwembamba ndiko waliko njiti, wale waliozaliwa kabla ya siku zao, na muda wote tuliokuwa tukiongea walikuwa wakilia. Nilijifanya siwasikii. Nilishaamua kabla hata sijakaa kwamba nakwenda macho. Kwa umri wangu, mtoto pekee niliyetaka kumhudumia ni mtoto wa jicho. Huyo hazikwi.

Kwenye fomu niliacha wazi mstari mmoja: Sababu ya kuacha kazi. Watu wote, hata mume wangu, wanajua niliacha ili nimuuguze mama mkwe. Mama mkwe mwenyewe, Mungu amrehemu, alikaa mwaka mzima buheri wa afya baada ya mimi kuacha, akinisema kwa kuzidisha chumvi.

Siku ya macho ilipita vizuri, na ya figo pia. Ya tatu nikaingia kwa njiti, roho juu juu. Chumba kina joto la kukutoa jasho, masanduku tisa ya kioo, na mashine mbili tu za kupima pumzi. Msimamizi ni dada mmoja mwembamba wanayemwita Sindano. Alinipa aproni, akaniambia nisiguse kitu kabla sijanawa, kana kwamba nimezaliwa jana.

Saa nane mchana zamu ikabadilishwa. Muuguzi anayeondoka alikuwa na mkoba begani tayari. Akasoma daftari haraka haraka: huyu amekunywa, yule ana umanjano, yule kaongezeka uzito.

"Wa nne alilia asubuhi nzima," akamalizia. "Sasa ametulia."

Nikaligeukia sanduku la nne.

Kwa mzazi hakuna neno tamu kama hilo. Mtoto ametulia, nawe upate kujinyoosha. Lakini njiti akinyamaza ghafla, huenda amesahau kuvuta pumzi. Tunafundishwa hivyo, tunajua hivyo, na bado neno tunaliandika, kwa sababu zamu imeisha, miguu inauma, na lenyewe ni fupi. Miaka saba iliyopita niliandika mimi, kwa mkono wangu, bila kufungua sanduku. Nikaenda zangu nyumbani. Kesho yake nikakuta sanduku limeshaoshwa.

"Umemwangalia saa ngapi?" niliuliza.

"Nani?"

"Wa nne!"

Sikungoja jibu, nikalifungua sanduku. Kifua hakikuwa kikipanda, na midomo ilikuwa na rangi ya wino. Nikamkuna unyayo kwa kidole. Kimya. Nikarudia. Sindano alikuwa ameshashika mfuko wa hewa. Mara ya tatu mtoto akakunja uso kama mzee aliyekatizwa usingizi, akavuta pumzi, akalia kwa hasira. Mimi nililia kumshinda.

Yule muuguzi alikuwa bado amesimama na mkoba wake. Nilitaka kumfokea mpaka asikie vizuri, ila nilipomtazama nilijiona mimi.

"Weka mkoba chini," nikamwambia. "Kaa naye."

Fomu niliijaza nimesimama, kabla sijajionea huruma, nikaipeleka ofisini. Matroni alisoma juu: Watoto njiti. Akatabasamu. Kisha akafika kwenye mstari wa sababu. Nilikuwa nimeandika: Niliandika mtoto ametulia, kumbe anakufa.

Tabasamu likamtoka.

"Ripoti hiyo," aliuliza polepole, "aliipokea nani?"

"Wewe."

Alivua miwani, akaishikilia.

"Nilikunywa chai kwanza," alisema. "Nilisoma neno lako, nikafurahi, nikanywa chai kwanza. Sijawahi kumwambia mtu."

"Hata mimi."

Nilimwonea huruma, na nilimchukia, vyote kwa wakati mmoja. Chai! Miaka saba nimebeba mzigo huu peke yangu, kumbe nusu yake iko hapa, nyuma ya pazia. Nilifungua mdomo nimwambie hivyo hivyo. Yeye akainua mkono kunizuia, sikio kalielekeza ukutani.

Kule ng'ambo hakuna aliyekuwa akilia. Hata mmoja.

Tuliinuka kwa pamoja, na kiti chake kikaanguka nyuma yetu.