Kidonge kwenye Kinofu cha Nyama

Damu ya Bosi, mbwa wa baba, ilikataa kukoma. Alitafuna mfupa asubuhi, fizi zikachanika kidogo, na hadi saa nane mchana bado alikuwa akidondosha damu kwenye sakafu niliyokwisha kuipiga deki mara tatu. Nikambeba hadi kwa daktari wa mifugo. Sikuogopa. Tangu mama afe, miezi minne sasa, nimekufa ganzi. Nafanya kazi za watu wawili na kuitika nikiitwa, basi.

“Amekula sumu ya panya?” daktari akauliza.

“Kwetu haipo.”

“Anakula nini?”

“Anachobakiza baba.” Nikamweleza: wali, nyama, mboga za majani kiduchu tu. Baba alipata donge la damu mguuni, na hospitali walituonya kwamba majani yakizidi yanadhoofisha dawa yake ya kuzuia damu isigande.

Daktari akaweka kalamu chini. “Hiyo dawa huzuia damu kuganda kama ile sumu. Umewahi kumwona akiimeza?”

Mimi huiweka kando ya sahani yake. Mtu mzima na akili zake, nimsimamie hadi ameze?

Bosi akachomwa sindano ya vitamini K. Vitamini yenyewe ndiyo iliyomo kwenye majani, daktari akasema, na bila hiyo damu ya mbwa haigandi. Kwa hiyo huyu ale mboga ashibe.

Jioni nilikaa mezani, macho kwa baba. Mkono wake ukateremka chini ya meza. Nikaudaka. Kidonge kilikuwa ndani ya kinofu cha nyama.

“Tangu lini?”

“Wiki ya pili hii.”

“Unataka kufa?”

“Nimechoka, mwanangu.” Alisema kama anayeomba chumvi.

Sikusikia kitu moyoni. Nikamwambia tu habari za mbwa: ile damu, sindano, na kwamba ningechelewa angekufa.

Baba akainama kumtazama Bosi. Machozi yakamtoka, yeye ambaye hata makaburini hakulia. “Maskini, sikujua kitamdhuru.” Akachukua kidonge, akakimeza kwa maji, akafungua kinywa nihakikishe.

Miezi minne nampikia, namfulia, namwandalia dawa, na bado aliona heri afe. Kwa ajili ya Bosi, akameza. Nikakusanya sahani, nikaenda kuziosha, na pale kwenye karo ndipo iliponiuma.